UZI: Bongani Mayosi na swali lililotoka wodini hadi jaribio la wagonjwa 1,400

Msomaji_wa_Eko

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya wiki mbili tatu anaingia kijana humu na swali lilelile: nimemaliza udaktari, nataka utafiti wa moyo, nianzie wapi? Anajibiwa asome MMed (shahada ya uzamili ya tiba), atafute ufadhili, ajifunze takwimu. Ni kweli, ila ni sawa na kumwambia anayetaka kuvua akanunue ngalawa. Leo tumchukue mtafiti mmoja tufuate swali lake moja tangu lilipoanza. Nimemchagua Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini kwa sababu wagonjwa wake wanafanana na wetu, na sehemu ya kazi ilifanyika Kenya na Uganda.

Wasifu kwa haraka. Kazaliwa Mthatha, Januari 1967, baba yake daktari. Udaktari kasomea Chuo Kikuu cha Natal, kamaliza 1989. Akaenda Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, baadaye Oxford, alikopata uzamivu 2003 kwenye jenetiki za moyo. Mwaka 2006 akawa mkuu wa Idara ya Tiba, Chuo Kikuu cha Cape Town, mtu mweusi wa kwanza kwenye kiti hicho. 2016 akawa mkuu wa Kitivo cha Sayansi za Afya. Alifariki 27 Julai 2018, umri miaka 51.

Sasa swali. TB ikiingia kwenye mfuko unaozunguka moyo, maji hujaa humo. Yakijaa haraka moyo hubanwa, haujazi damu, presha inashuka, mgonjwa anakufa usipoyatoa kwa sindano. Akivuka hapo kuna balaa la pili: mfuko unakomaa na kuwa gamba gumu, moyo unapigia ndani ya gamba, miguu na tumbo vinavimba. Gamba hilo dawa za TB hazilitoi, hutolewa kwa upasuaji wa kifua. Madaktari walikuwa wakiongeza prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) kwa hoja kwamba inapunguza uvimbe, kwa hiyo maji yatapungua na gamba halitakuja. Hoja tamu. Lakini mgonjwa mwenye VVU unamshushia kinga iliyokwisha kushuka. Nani alikuwa na ushahidi?

Majaribio makubwa yaliyokuwepo yalifanyika Transkei, eneo ambalo Mthatha ndio ulikuwa mji wake mkuu. Yalichapishwa 1987 na 1988: wagonjwa 143 wenye gamba na 240 wenye maji. Yalikuwa mazuri kwa wakati wake, na yalifanyika kabla VVU haijasambaa.

Mayosi hakukimbilia kuanzisha jaribio. Tazameni mfuatano:

Kwanza, 2002, yeye na wenzake walichapisha mapitio ya majaribio yote yaliyowahi kufanyika kuhusu tiba ya TB ya mfuko wa moyo. Jibu: huenda steroidi zinasaidia, ila idadi ni ndogo mno na wenye VVU hawatoshi.

Pili, 2004, rejista. Hapa hapewi mtu dawa mpya. Unaandikisha wagonjwa, unaandika wanavyotibiwa, unawafuatilia. Walipata 185 kutoka Kameruni, Nigeria na Afrika Kusini. Ndani ya miezi 6 asilimia 26 walikuwa wamekufa.

Tatu, Januari 2009, jaribio lenyewe, IMPI: wagonjwa 1,400, hospitali 19, nchi 8 za Afrika, kwa ushirikiano na timu ya Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Matokeo 2014.

Toka kumaliza udaktari hadi jibu ni miaka 25. Hesabuni wenyewe.

Kijiko_cha_Dawa

Mkuu uzi mzuri, ngoja nikae. Swali la mtu asiye mtakwimu: wagonjwa 240 mbona ni wengi tu? Kwa nini wasirudie hivyohivyo ila kwa wenye VVU?

Hesabu_za_Usiku

@Kijiko_cha_Dawa hapo ndipo vijana wengi wanapoangukia, acha tukokotoe hadharani.

Chukulia bila dawa wagonjwa 25 kati ya 100 wanapatwa na baya (kifo, kubanwa moyo, au gamba). Unaamini dawa inapunguza robo ya hayo, yaani watabaki 18.75. Unataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli, na uvumilie asilimia 5 ya kudanganywa na bahati.

Fomula ya kawaida (p ni sehemu ya wanaopatwa na baya): 7.85 mara jumla ya [p × (1 − p)] ya makundi yote mawili, gawanya kwa tofauti iliyozidishwa yenyewe.

0.25 × 0.75 = 0.1875
0.1875 × 0.8125 = 0.1523
Jumla 0.3398. Tofauti 0.0625, ikijizidisha 0.0039.
7.85 × 0.3398 ÷ 0.0039 inakupa kama 683 kwa kila kundi. Makundi mawili: 1,366.

Sasa geuza. Una watu 240, yaani 120 kwa 120. Ili waione tofauti, dawa ingelazimika kushusha matukio kutoka 25 hadi takriban 11 kwa mia. Dawa ya namna hiyo haihitaji jaribio, hata mlinzi wa getini angeiona. Faida za kweli kwenye moyo huwa ndogo, robo au chini ya robo, na ndogo haionekani kwa watu wachache.

Na angalia ile 25 ya mwanzo imetoka wapi. Kama si rejista ungeibuni. Mtu anaandika "tunakadiria asilimia 40", anahesabu anahitaji watu wachache, mfadhili anafurahi, miaka 4 baadaye matukio ni asilimia 15 na jaribio halisemi chochote. Hilo ni kosa linaloua majaribio mengi.

Msomaji_wa_Eko

Shukrani @Hesabu_za_Usiku. Sasa matokeo ya IMPI, maana wengi huyasoma vibaya.

Wote walipangwa kwa bahati nasibu, wengi wao mara mbili: prednisoloni au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 6, na sindano ya bakteria waliouawa (Mycobacterium indicus pranii) au sindano isiyo na kitu, mara 5 ndani ya miezi 3. Mgonjwa hajui, daktari hajui. Theluthi mbili walikuwa na VVU.

Dozi ya prednisoloni kwa siku: wiki ya 1 miligramu 120, ya 2 miligramu 90, kisha 60, 30, 15, na ya 6 miligramu 5. Kwa vidonge vya miligramu 5, siku ya kwanza mgonjwa anameza vidonge 24, na kozi nzima ni 448. Dozi iko juu hivyo kwa sababu rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inaamsha ini liivunje prednisoloni haraka. Ukitoa 40 kama unavyozoea kwenye pumu, mgonjwa wa TB anapata sehemu tu.

Matukio ya jumla (kifo, kubanwa moyo hadi kutolewa maji, gamba): 23.8 kwa mia waliopata prednisoloni, 24.5 wasiopata. Hakuna tofauti. Sindano nayo hakuna.

Ukifungua ndani: gamba 4.4 dhidi ya 7.8. Kulazwa 20.7 dhidi ya 25.2. Upande wa pili, saratani 1.8 dhidi ya 0.6, nyingi zikiwa zile zinazoandamana na VVU.

Geuza kwa watu 1,000: umewaepushia gamba watu 34, umewaongezea saratani 12. Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2015 ukasema steroidi zinaweza kufikiriwa kwa asiye na VVU, na mwenye VVU aepushwe.

Mbishi_wa_Kariakoo

Kwa hiyo miaka 5, nchi 8, jibu "hakuna tofauti". Mimi naona lilifeli. Halafu mnachambua vipande vya ndani baada ya lengo kuu kukosa. Si ndio kile kila siku mnakikataza?

Hesabu_za_Usiku

Mbishi leo umeuliza la maana.

Jaribio lililofeli ni lile linaloisha ukiwa hujui zaidi ya ulipoanza. Hili lilikuwa na matukio yasiyopungua 330, upana wa makisio yake haukuacha nafasi ya faida kubwa iliyojificha. Kabla yake daktari wa Lilongwe au Mulago alitoa steroidi kwa imani. Baada yake anajua haokoi uhai kwa ujumla, na anajua gharama yake kwa mwenye VVU.

Kuhusu vipande vya ndani uko sahihi nusu. Kuna kisa mashuhuri cha ISIS-2, 1988, wagonjwa 17,187 wa shambulio la moyo. Aspirini ilipunguza vifo wazi kabisa. Wahariri walipotaka mgawanyo wa makundi madogo, watafiti wakaweka na nyota za kuzaliwa: waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana haina faida. Ni bahati tu, na waliiweka makusudi watu waone. Lakini gamba kwenye IMPI halikuokotwa baadaye. Lilikuwa sehemu ya lengo kuu toka mwanzo, limeandikwa kwenye itifaki, na linaendana na namna dawa inavyofanya kazi. Hata hivyo halikubebi hadi kusema "prednisoloni inatibu". Linakubeba hadi kusema "kwa asiye na VVU, zungumza naye".

Nesi_wa_Utafiti

Naomba niongeze nyama upande ambao maprofesa hawauandiki.

Maneno ya fomu ya ridhaa. Tafsiri nyingi zinazotoka nje zinasema "utapewa dawa au dawa bandia". Mshiriki wa Temeke akisikia dawa bandia anajua zile feki za mtaani, anainuka anaondoka, na ana haki. Andika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake". Vilevile "bahati nasibu": wengine wanafikiri kuna zawadi. Sema "ni kama kurusha shilingi, si daktari anayechagua, wala si wewe". Na "utafanyiwa majaribio" ifute kabisa, mtu anajiona panya. "Unaombwa kushiriki katika utafiti" inatosha.

Asiyejua kusoma: anasomewa fomu yote, shahidi asiye mtumishi wa mradi akiwepo toka mwanzo hadi mwisho, anaweka dole gumba, shahidi anasaini. Shahidi aliyeitwa dakika ya mwisho aje kusaini tu ni ukiukwaji, na wakaguzi hulinganisha saa zilizoandikwa.

Baada ya kusomewa muulize arudie kwa maneno yake: unakuja mara ngapi? Ukitaka kuacha itakuwaje? Akijibu "nikiacha mtanifukuza kliniki", hujapata ridhaa, hata kama dole gumba limeshakauka.

Kijiko_cha_Dawa

Huo upangaji wenyewe unafanyikaje? Bahasha?

Nesi_wa_Utafiti

Bahasha zilitumika sana na bado wapo wanaozitumia. Tatizo lake ni binadamu. Bahasha inashikwa juani inasomeka. Au inafunguliwa kabla, daktari anaona "kidonge kitupu", anamhurumia mgonjwa aliyezidiwa, anamrudishia na kungoja ijayo. Miezi sita baadaye kundi moja limejaa wagonjwa mahututi na jingine wanaotembea. Hapo hakuna takwimu itakayokuokoa.

Njia salama: kompyuta ya kati au simu. Unaingiza taarifa za mgonjwa KWANZA, unathibitisha anastahili, ndipo unapewa namba ya kopo. Ukishapewa namba yule ni mshiriki wako hata akikataa dawa kesho, na utamhesabu kwenye kundi lake hadi mwisho.

Mtaalamu_wa_Valvu

Wakuu, msimuache Mayosi kwenye TB peke yake. Upande wa valvu (milango ya moyo) ndiko aliko karibu zaidi na Afrika Mashariki.

Rejista ya REMEDY: wagonjwa 3,343 wa ugonjwa wa moyo wa rumatiki (ule unaoanzia kwenye vidonda vya koo na kuumiza valvu), hospitali 25, nchi 14, 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Umri wa kati miaka 28. Theluthi mbili wanawake. Ndani ya miaka 2 walikufa asilimia 16.9, umri wa kati wa kufa ukiwa miaka 28.7. Soma tena hiyo namba. Hawa si wazee wa presha.

Rejista hiyo ikafichua mambo ambayo kila kliniki ilikuwa inayajua kimyakimya. Waliokuwa kwenye sindano ya penisilini ya kinga: asilimia 55 tu. Wanawake wa umri wa kuzaa wanaotumia uzazi wa mpango: 3.6, wakati mimba yenye valvu iliyoziba inaweza kuua. Waliokuwa na kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inavyoganda kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda) ndani ya kiwango: 28.3.

Hiyo ya mwisho ikazaa hoja: kama wafarini imetushinda, si tuhamie rivaroksabani, kidonge kimoja kwa siku bila kupimwa damu? Ikaja INVICTUS, watu 4,531 kwenye uchambuzi, nchi 24, wote wana rumatiki na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Matokeo yalitoka 2022, Mayosi hayupo tena. Kila mtu alitarajia dawa mpya ishinde au itoke sare. Ikashindwa: matukio 560 kati ya 2,275 kwa rivaroksabani, 446 kati ya 2,256 kwa wafarini na ndugu zake. Vifo vilikuwa vingi zaidi kwa dawa mpya, na kutoka damu sana hakukupishana kwa maana.

Mbishi_wa_Kariakoo

Hii nayo mnaielezaje? Kidonge kile huko Ulaya si ndicho kinaisukuma wafarini nje?

Mtaalamu_wa_Valvu

Huko Ulaya wagonjwa wengi wa mapigo yasiyo na mpangilio hawana valvu iliyoziba kwa rumatiki, na walio na valvu ya mitrali iliyoziba sana waliachwa nje ya majaribio yale. Ndiyo maana unapima kwako.

Kuhusu sababu, mjadala upo. Moja inayotajwa: wa wafarini walipimwa INR angalau kila mwezi, kwa hiyo walionana na mhudumu mara nyingi zaidi, lasiki (dawa ya kutoa maji mwilini) inarekebishwa, uvimbe unaonekana mapema. Vifo vilivyopungua vingi havikuwa vya kiharusi, vilikuwa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi. Jambo jingine: walioacha dawa moja kwa moja walikuwa wengi zaidi upande wa rivaroksabani. Mimi binafsi naona ziara ya kila mwezi ni dawa ambayo haijawekwa kwenye kopo, ila huo ni mtazamo, jaribio halikuundwa kulijibu hilo.

Kwenye kliniki hii inakuhusu hivi: mgonjwa wa rumatiki mwenye valvu ya mitrali iliyoziba na mapigo yasiyo na mpangilio, usimhamishe kutoka wafarini kwa sababu muuzaji wa dawa kaleta kipeperushi. Lenga INR 2 hadi 3. Akianza dawa za TB zenye rifampisini, wafarini itashuka nguvu, pima kila wiki na upandishe. Akimaliza rifampisini, rudi kupima kila wiki na ushushe, maana hapo ndipo watu hutokwa damu. Wengi hukumbuka kupandisha wakasahau kushusha.

Mama_Kliniki_Gulu

Jamani na sisi wa Uganda mtuweke. Jaribio la GOAL lilifanyika kaskazini, Gulu na jirani zake. Swali: mtoto ambaye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha valvu zimeanza kuguswa lakini hana dalili yoyote, sindano ya penisilini kila wiki 4 inamsaidia?

Walipimwa kwa eko watoto na vijana 102,200, umri miaka 5 hadi 17. Wa awali walioonekana na dalili kwenye picha 3,327. Waliothibitishwa 926. Waliopangwa 818. Baada ya miaka 2, waliozidiwa ugonjwa: 3 kati ya 399 waliochomwa, 33 kati ya 400 wasiochomwa. Yaani ukichoma watoto 13 kwa miaka 2, mmoja unamzuia asiendelee.

Kinachoharibu huku chini ni sindano yenyewe. Benzathini penisilini ni unga, ukiuchanganya unakuwa uji wenye chembe. Mambo ambayo mwanafunzi hafundishwi darasani:

Maji ya kuchanganyia yaingie yote, tikisa hadi usione uvimbe wa unga chini ya kichupa. Vuta na uchome papo hapo. Ukiacha trei ikae huku unaandika daftari, chembe zinatulia na sindano inaziba katikati ya nyama. Geji 21. Sukuma taratibu, dakika 2 hadi 3, bila kusita, maana ukisimama ndipo inaziba. Nyonga upande wa mbele ni salama kuliko tako la nyuma lenye mshipa mkubwa wa fahamu. Dozi yuniti milioni 1.2 kwa mtoto mkubwa na laki 6 kwa mdogo. Mpaka ni kilo 27 au 30 kutegemea mwongozo mnaoufuata, muhimu kituo kizima kifuate mmoja.

Na mwenye valvu zilizoharibika sana: ale, anywe maji, alale wakati wa kuchomwa na abaki amelala kidogo. Baadhi ya vifo vinavyosemwa ni mzio vinafanana zaidi na moyo dhaifu ulioshtuliwa na maumivu, presha ikashuka. Adrenalini iwepo mezani vilevile.

Kijiko_cha_Dawa

Mama Kliniki, wazazi wanakubali kweli mtoto mzima achomwe kila mwezi?

Mama_Kliniki_Gulu

Hapo lugha tena. Ukisema "baridi yabisi" mzazi anamfikiria bibi mwenye magoti yanayouma, anakuuliza mtoto kaipata wapi. Anzia kooni: vidonda vya koo visivyotibiwa, mwili unapigana navyo, mapigano yanaumiza milango ya moyo, kila koo jipya linaongeza jeraha. Muonyeshe mlango ukigongana vibaya kwenye picha ya eko kama mashine ipo. Halafu tarehe ya sindano iandikwe kwenye kadi kwa tarehe kamili. "Mwezi ujao" kwa mtoto wa shule inageuka wiki 6.

Ndugu_wa_Mthatha

Naomba tusije tukapotosha habari za kifo chake humu. Familia ilitoa taarifa wazi kwamba alikuwa akipambana na sonona kwa miaka miwili na alijitoa uhai. Wapo wanaomlaumu huyu au yule. Tusiende huko. Kama kuna anayesoma hapa amelemewa, aongee na mtu leo.

Msomaji_wa_Eko

Asante mkuu, tuheshimu hilo. Narudi kwenye mada.

CREOLE pia ilibeba jina lake miongoni mwa waandishi, imetoka 2019. Presha kwa watu weusi, 728, nchi 6 zikiwemo Kenya na Uganda. Michanganyiko mitatu ya dawa ikashindanishwa, presha ikapimwa kwa mashine ya kuvaa saa 24. Yenye amlodipini, ikichanganywa na haidroklorothiazaidi au perindopili, ilishusha kama milimita 3 zaidi kuliko perindopili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini. Kwa Kiswahili cha wodini: vyovyote utakavyochanganya, amlodipini iwemo.

Kijana_MD

Wakuu nimesoma yote. Niko internship, nataka njia hii. Kwa Tanzania vibali vinakuwaje? Na nianze na nini mwaka huu huu?

Nesi_wa_Utafiti

Kibali cha kwanza ni bodi ya maadili ya taasisi yako, kisha kamati ya taifa chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Kama kuna dawa inayojaribiwa, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) lazima. Mtafiti wa nje anahitaji COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Zanzibar wana bodi yao, usipeleke cha bara ukadhani kimetosha. Kenya ni NACOSTI (tume yao ya sayansi) na Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda UNCST (baraza la sayansi) na NDA (mamlaka ya dawa). Itifaki ikibadilika hata mstari mmoja wa dozi, unarudi. Sajili jaribio kwenye rejista ya umma KABLA ya mshiriki wa kwanza. Ukichelewa siku moja majarida makubwa yanakukataa.

Msomaji_wa_Eko

@Kijana_MD mwaka huu usifikirie jaribio. Chagua ugonjwa mmoja unaouona wodini kila wiki. Fungua daftari la waliokuja: tarehe, umri, jinsia, kipimo gani kilithibitisha, walitibiwa nini, walitoka hai au la. Kibali cha maadili kwanza, hata kwa daftari. Wagonjwa 100 walioandikwa vizuri ni rejista ndogo.

Na jifunze kupima vitu kwa mkono wako mwenyewe. Mfano, moyo unaobanwa na maji: funga mashine ya presha, pandisha, shusha taratibu hadi usikie mpigo wa kwanza unaosikika anapotoa pumzi tu. Andika namba. Endelea kushusha hadi mpigo usikike akivuta na akitoa. Andika. Tofauti ikizidi 10, mpigie wa eko simu sasa hivi. Wengi hushusha haraka, tofauti inapita bila kusikika, wanaandika "kawaida".

Hesabu_za_Usiku

Mimi namuongezea moja: wafuatilie hadi mwisho. IMPI tofauti ya gamba ilikuwa 3.4 kwa mia. Ukipoteza wagonjwa 10 kwa mia bila kujua walipo, waliopotea ni wengi kuliko tofauti unayoitafuta. Jibu lako linakuwa ndani ya mfuko wa mtu aliyehama.

Kijana_MD

Na wakihama kweli? Namba za simu zinabadilika kila siku.

Nesi_wa_Utafiti

Siku ya usajili chukua namba 3: yake, ya wanaolala naye nyumba moja, na ya ndugu wa kijijini ambaye hahami. Zipigie hapohapo zote mbele yake, uone kama zinaita. Kisha mwambie achore njia ya kwake kuanzia stendi kwa vitu visivyoondoka: msikiti, kisima, mti. Kibanda cha M-Pesa usikiandike, mwakani hakipo. Andika jina analoitwa mtaani, maana ukifika ukaulizia jina la kwenye kadi hakuna atakayemjua. Na ukifika usiseme unatoka utafiti gani. Sema unamtafuta tu, ugonjwa wake si wa majirani.